Saini baada ya Misa: parokia za Michigan, nafuu ya kodi na karo za shule

Mwaka 2022, katika parokia nyingi za Kikatoliki za jimbo la Michigan nchini Marekani, waumini waliotoka Misa ya Jumapili walikuta mlangoni meza, kalamu na fomu mbili za kutia saini. Aliyekaa nyuma ya meza alikuwa mwanaparokia mwenzao, na ombi lake lilikuwa jepesi kulisikia: tia saini hapa na hapa, watoto wapate msaada wa karo. Uzito ulikuwa ndani ya fomu zenyewe. Zilibeba mambo matatu yaliyosokotana, yaani namna jimbo linavyotoza kodi ya mapato, katazo la katiba lililopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1970, na njia moja ya kutunga sheria ambayo gavana hana uwezo wa kuizuia.

Tuanze na gavana. Mwishoni mwa mwaka 2021, Bunge la Michigan, ambalo vyumba vyake vyote viwili vilikuwa mikononi mwa chama cha Republican, lilipitisha miswada ya kuanzisha mpango wa ufadhili wa masomo utakaogharimiwa na wachangiaji wanaopewa nafuu ya kodi. Gavana Gretchen Whitmer wa chama cha Democratic aliipigia kura ya turufu. Ili Bunge litengue uamuzi wa gavana huhitaji theluthi mbili ya wajumbe, na Republican hawakuwa nazo. Kwa nchi nyingi hadithi ingeishia hapo, lakini Katiba ya Michigan, katika Ibara ya 2 kifungu cha 9, inawaruhusu wananchi kuanzisha sheria wao wenyewe endapo watapatikana watia saini wanaofikia asilimia 8 ya kura zote zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliotangulia. Kwa mwaka 2022 hesabu hiyo ilikuwa saini 340,047. Zikishakabidhiwa na kuhakikiwa, Bunge hupewa siku 40 za vikao ili liamue: likiukubali muswada kwa wingi wa kawaida wa kura, unakuwa sheria bila kupita mezani kwa gavana, likiukataa au likinyamaza, unapelekwa kwa wapiga kura wote.

Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba saini zile zilikuwa hasa za kuomba kura ya maoni. Wabunge walioupitisha muswada mara ya kwanza walikuwa bado wamekalia viti vyao, na kilichokosekana kilikuwa namna ya kuuleta tena mbele yao ukiwa umeshavuka turufu. Haikuwa mbinu ngeni. Mwaka 2012 Gavana Rick Snyder, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Republican, alikataa muswada wa kuzuia bima za kawaida za afya zisilipie utoaji mimba. Wapinzani wa utoaji mimba wakakusanya saini, na Desemba 2013 Bunge likaupitisha kuwa sheria bila kumhitaji tena. Njia hiyo ni halali kabisa kikatiba, ingawa inaruhusu sehemu ndogo tu ya wapiga kura kuamua jambo la jimbo lenye watu milioni 10, na hilo lilipaswa kuelezwa wazi zaidi pale mezani kuliko lilivyoelezwa.

Sasa tuje kwenye nafuu ya kodi, ambako ndiko wengi hupotea. Chukua mtu anayedaiwa kodi ya mapato ya jimbo dola 2,000, naye akatoa dola 1,000 kwa shirika la ufadhili wa masomo. Kama sheria ingempa makato ya kawaida, dola 1,000 hizo zingeondolewa kwenye mapato yake kabla kodi haijapigiwa hesabu, na kwa kuwa kiwango cha kodi ya mapato ya Michigan kilikuwa asilimia 4.25, angeokoa dola 42 na senti 50. Zaidi ya dola 957 zingekuwa zimetoka mfukoni mwake kweli. Nafuu iliyopendekezwa na fomu zile ilikuwa ya asilimia 100, na haikugusa mapato bali deni lenyewe: anayedaiwa 2,000 akichangia 1,000, deni lake linabaki 1,000. Mwisho wa mwaka ametoa dola 2,000 zile zile ambazo angetoa hata kama asingechangia chochote. Hajapungukiwa na hata senti moja. Alichofanya ni kuchagua nusu ya kodi yake iende wapi. Anayepungukiwa ni hazina ya jimbo, na kwa mwaka wa kwanza upungufu huo ungeruhusiwa kufikia dola milioni 500, kiwango ambacho kingeweza kupanda katika miaka iliyofuata.

Fedha hizo zingeingia katika mashirika ya ufadhili, ambayo yangefungua akaunti kwa ajili ya kila mwanafunzi anayestahili. Wanaostahili walikuwa watoto wa familia ambazo kipato chao hakizidi mara mbili ya kile kinachompa mtoto chakula cha shuleni cha bure au cha bei nafuu, watoto wenye ulemavu, na watoto walio chini ya malezi yanayosimamiwa na serikali. Anayesoma shule binafsi angeweza kupata hadi asilimia 90 ya kiwango cha msingi ambacho jimbo hulipia kila mwanafunzi wa shule ya umma. Kwa kuwa kiwango hicho kilikuwa dola 8,700 katika mwaka wa masomo wa 2021–22, asilimia 90 yake ni dola 7,830. Anayesoma shule ya umma angepata dola 500, au dola 1,100 ikiwa ana ulemavu, kwa ajili ya vitabu, masomo ya ziada, usafiri na mahitaji mengine. Wanakampeni, ambao waliuita mpango wao Let MI Kids Learn na ambao waliungwa mkono kwa fedha na familia ya Betsy DeVos, aliyekuwa waziri wa elimu wa Rais Donald Trump, walipenda kusema kwamba ni mpango wa watoto wote. Kwa maneno ya muswada hilo ni kweli. Lakini anayelinganisha 500 na 7,830 hatapata shida kuona mto ulikuwa unaelekea bonde gani.

Kwa nini basi jimbo lisitoe ruzuku ya moja kwa moja, kama serikali nyingi duniani zinavyofanya kwa shule za madhehebu? Jibu liko katika historia, na katika Michigan historia hiyo imeandikwa karibu yote kwa saini za wananchi. Mwaka 1884 maaskofu wa Marekani, wakiwa katika mtaguso wao wa tatu mjini Baltimore, waliagiza kila parokia iwe na shule yake, kwa sababu shule za umma za wakati ule ziliegemea Uprotestanti katika sala na Biblia iliyosomwa darasani. Shule hizo ziliendeshwa na masista ambao mishahara yao ilikuwa kama haipo. Kufikia miaka ya 1920 kuwako tu kwa shule hizo kuliwakera baadhi ya watu: mara mbili, mwaka 1920 na mwaka 1924, wananchi wa Michigan waliitwa kupiga kura juu ya pendekezo la kuwalazimisha watoto wote wasome shule za umma, jambo ambalo lingezifuta shule za parokia. Mara zote mbili pendekezo lilishindwa, na mwaka 1925 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka jimbo la Oregon, ikaamua kwamba hakuna jimbo linaloweza kuwanyima wazazi haki ya kuchagua shule binafsi.

Haki ya kuchagua ilipatikana, lakini hela ya kulipia hicho kilichochaguliwa ikabaki juu ya mzazi. Katika miaka ya 1960 masista walianza kupungua, nafasi zao zikachukuliwa na walimu walei wanaohitaji mshahara wa kuishi na familia, na karo zikapanda. Mwaka 1970 Bunge la Michigan liliidhinisha fedha za umma zilipie sehemu ya mishahara ya walimu walei wanaofundisha masomo yasiyo ya dini katika shule binafsi. Wapinzani walijibu kwa njia ile ile ya saini, wakapeleka pendekezo la kurekebisha katiba, na Novemba ya mwaka huo huo wapiga kura wakalipitisha. Kifungu hicho, ambacho ni cha 2 katika Ibara ya 8, ni miongoni mwa vikali zaidi nchini Marekani. Hakikatazi tu kuzipa fedha za umma shule zisizo za umma. Kinataja kwa majina malipo, nafuu, manufaa ya kodi, msamaha, makato, vocha (yaani hati ya serikali ya kumlipia mwanafunzi karo), ruzuku na mkopo, na kinasema hivyo vyote visitolewe, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, ili kugharimia masomo ya mwanafunzi katika shule ya namna hiyo. Waliotaka kulifungua katazo hilo walijaribu mwaka 1978 wakashindwa vibaya, wakajaribu tena mwaka 2000 kwa pendekezo la vocha, safari hii wakiwa na fedha za akina DeVos na msaada wa maaskofu Wakatoliki, na asilimia 69 ya wapiga kura ikasema hapana.

Hapo ndipo nafuu ya kodi inapopata mvuto wake. Vocha ni fedha ya serikali inayotoka hazina, haifichiki. Fedha ya nafuu ya kodi haijawahi kufika hazina, na swali ni kama kitu ambacho serikali haijakishika kinaweza kuitwa chake. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika kwa kura 5 dhidi ya 4 juu ya jambo hilo hilo, katika kesi ya walipa kodi wa Arizona, jimbo lililoanzisha mpango wa aina hii mwaka 1997. Jaji Anthony Kennedy, kwa niaba ya walio wengi, aliona kwamba mchango unaotoka kwa mtu binafsi kwenda shirika binafsi si matumizi ya serikali, na hivyo walipa kodi wengine hawana haki ya kuushtaki. Jaji Elena Kagan alipinga kwa nguvu: kwake, serikali ikikupa fedha au ikikusamehe deni la kiasi kile kile, gharama inawaangukia walipa kodi wengine vivyo hivyo. Kiuchumi naona Kagan ana hoja nzito zaidi. Kisheria aliyeshinda ni Kennedy, na mipango ya majimbo mengi imejengwa juu ya msingi huo.

Uamuzi mwingine ambao kampeni iliutegemea ni wa mwaka 2020, kuhusu jimbo la Montana, ambapo Mahakama hiyo hiyo ya Juu ya Marekani iliamua tena kwa 5 dhidi ya 4 kwamba jimbo likishaanzisha msaada kwa shule binafsi haliwezi kuziengua shule za dini kwa sababu tu ni za dini. Ushindi huo ulishangiliwa sana katika ofisi za majimbo ya Kanisa, lakini kwa Michigan ulikuwa na kasoro moja: katazo la mwaka 1970 haliteui shule za dini, linazikataa shule zote zisizo za umma, za Wakatoliki na za wasio na dini kwa pamoja. Wazazi waliolishtaki jimbo kutaka kifungu hicho kitenguliwe walishindwa katika mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2023. Na kwa kuwa sheria ya kawaida, hata ikipitishwa kwa saini nusu milioni, iko chini ya katiba, muswada wa mwaka 2022 ungeishia mahakamani kwa vyovyote vile, wakili wa kila upande akiwa ameshika maneno yale yale ya “nafuu” na “manufaa ya kodi”.

Nafasi ya parokia katika haya yote huulizwa mara nyingi, hasa na wasomaji waliozoea kusikia kwamba Marekani dini na serikali hazigusani. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 inazikataza taasisi zisizotozwa kodi, makanisa yakiwemo, kumpigia debe mgombea yeyote. Muswada au ombi la wananchi huhesabiwa tofauti: ni ushawishi wa kutunga sheria, na kanisa linaruhusiwa kuufanya mradi usiwe sehemu kubwa ya shughuli zake. Hivyo paroko aliweza kutangaza kabla ya baraka ya mwisho kwamba fomu ziko ukumbini, wala asivunje sheria, lakini asingeweza kuongeza kwamba Gavana Whitmer, ambaye mwaka huo alikuwa anagombea tena, ndiye aliyeukataa muswada na kwa hiyo asichaguliwe. Baraza la Kikatoliki la Michigan, ambalo huzungumza kwa niaba ya majimbo yote saba ya Kanisa huko, lilisimama hadharani upande wa kampeni.

Parokia zilikuwa na kitu ambacho fedha hainunui kwa urahisi. Kazi ya saini Marekani kwa kawaida hufanywa na vibarua, na kibarua anayesukumwa na idadi hushawishika kughushi. Mwaka huo huo wa 2022 wagombea watano wa ugavana wa chama cha Republican waliondolewa kwenye kura ya mchujo baada ya kubainika kwamba fomu zao zilijaa saini za kughushi zilizoletwa na wakusanyaji wa kulipwa. Katekista anayekaa mezani baada ya Misa hana sababu ya kufanya hivyo, na anawafahamu watu kwa majina. Fomu yenyewe inadai uangalifu: mtia saini anaandika jina lake, anwani ya mtaa anakokaa na tarehe, anapaswa kuwa mpiga kura aliyeandikishwa katika mji au wilaya anayoitaja, na mkusanyaji anatia saini yake chini kabisa baada ya wote, kwa sababu saini ya mwananchi yenye tarehe ya baadaye kuliko ya mkusanyaji haihesabiwi. Lakini kufahamiana huko kuna upande wake wa pili. Ni vigumu kumuuliza maswali magumu kuhusu hazina ya jimbo mtu aliyemfundisha mwanao Komunyo ya kwanza.

Kuna jambo hapa linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili. Katika miji kama Grand Rapids na Lansing zipo familia nyingi kutoka Kongo, na miongoni mwao wamo Wakatoliki wanaohudhuria Misa. Mkimbizi au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu si mpiga kura, hata kama analipa kodi na watoto wake wanasoma shule ya parokia. Saini yake haihesabiwi, na kutia saini huku ukijua huna sifa kunaweza kukuingiza matatani na sheria. Anayekaribishwa mezani kwa ukarimu na asiye raia bado anapaswa kukataa, na asione haya.

Hoja za pande mbili zilikuwa na uzito usiolingana kila mahali. Wakatoliki walisema mzazi anayempeleka mtoto shule ya parokia analipa mara mbili, mara ya kwanza kodi ya shule ambazo hazitumii, mara ya pili karo. Na walikumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu, ulizitaka serikali zigawe misaada ya umma kwa namna inayowaacha wazazi huru kweli kuchagua. Kwa familia maskini hoja hiyo haina jibu rahisi, kwa kuwa tajiri ana uhuru huo tayari. Wapinzani, waliojikusanya katika muungano ulioitwa For MI Kids, For Our Schools, walisema sehemu ya kodi ya mapato huingia katika mfuko wa shule wa jimbo, na kwamba tangu mageuzi ya mwaka 1994 shule za umma hulipwa na jimbo kwa kichwa cha mwanafunzi. Hivyo anayehama anaondoka na fedha yake, ilhali paa, basi na mwalimu wa darasa hilo hugharimu kama mwanzo. Ninachokiona kuwa udhaifu mkubwa wa muswada ni ile asilimia 100. Wakatoliki wana mazoea marefu ya kutoa kwa kujinyima, na nafuu ya asilimia 50, kwa mfano, ingemwacha mtoaji akiwa ametoa kitu.

Kampeni ilikosa tarehe ya mwisho ya Juni iliyotakiwa ili pendekezo liingie katika kura ya Novemba, ikakabidhi saini zaidi ya 520,000 mwezi Agosti. Kwa mpango wa kupitia Bunge hilo lisingekuwa tatizo, kama uhakiki ungekamilika mapema na Bunge lingebaki lilivyokuwa. Novemba 2022 Democratic walitwaa vyumba vyote viwili, kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 40, na Whitmer akarudishwa madarakani. Wabunge waliokuwa wakitegemewa hawakuwepo tena, na waanzilishi wakaziondoa fomu zao.

Nebraska ilipitia mambo hayo kinyumenyume. Mwaka 2023 Gavana Jim Pillen, Mkatoliki, alitia saini sheria ya nafuu ya kodi ya dola milioni 25 kwa mwaka, na safari hii waliokusanya saini walikuwa wapinzani, huku maaskofu wakiwasihi waumini wasitie saini. Saini zilipofikia idadi iliyotakiwa, Bunge liliifuta sheria hiyo mwaka 2024 na kuweka nyingine inayotoa dola milioni 10 moja kwa moja kutoka hazina, yaani kile hasa ambacho watetezi wa nafuu ya kodi husema mipango yao sicho. Wapinzani wakakusanya saini tena, na Novemba 2024 asilimia 57 ya wapiga kura ikaifuta na hiyo. Siku hiyo hiyo wapiga kura wa Kentucky na Colorado nao walikataa mapendekezo yanayofanana.

Julai 4, 2025, Rais Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi ambayo ndani yake mna nafuu ya kodi ya shirikisho: mlipa kodi akichangia shirika la ufadhili wa masomo, deni lake la kodi kwa serikali ya Washington linapunguzwa kwa kiasi kisichozidi dola 1,700 kwa mwaka. Fedha hiyo haigusi hazina ya jimbo lolote, na katazo kama la Michigan la mwaka 1970 linapata taabu kuifikia. Kila jimbo limeachiwa kuamua kama litajiunga, na kwa kawaida anayeamua ni gavana. Hakuna saini za wananchi zinazohitajika. Nebraska, ambako wapiga kura walikuwa wamekataa mwaka mmoja tu kabla, Pillen alitangaza kwamba jimbo lake linajiunga. Nafuu hiyo inaanza kutumika Januari 1, 2027, siku ile ile ambayo Whitmer anamkabidhi ofisi mtu atakayechaguliwa Novemba 2026.